Mchana Ufaransa, Usiku Ujerumani

Winnipeg, Kanada

Yaya wangu, dada yangu mkubwa Georgette,

Kwanza niambie mgongo wako unaendeleaje, na kama ile dawa ya kupaka niliyokutumia imekufikia au imebaki njiani ikipaka migongo ya wengine. Mimi huku ni mzima. Theluji ipo, kazi ipo, mashuka ya hospitali yanachafuka kila siku na mimi nayafua kila siku. Ukiona barua ni nzito usishtuke. Hakuna aliyekufa, hakuna anayeumwa, na sikuandiki kukuomba kitu, isipokuwa kile nitakachokuomba mwishoni.

Ninaandika kwa sababu mambo ya ukwe hayasemwi kwenye simu, na simu yako naijua. Nikikutumia sauti, wa kwanza kuifungua ni watoto wa nyumba, wa pili ni jirani, na wewe unaisikia ukiwa wa mwisho, jikoni, pamoja na mwanamke aliyekuja kuuza makaa. Kwa hiyo nimempa barua hii mama mmoja wa kanisa letu anayekuja Lubumbashi kuona wajukuu wake. Isome chumbani, mlango ukiwa umefungwa, halafu uamue mwenyewe nani wa kumsomea.

Maana nimesikia yanayosemwa huko mtaani kwetu Bel-Air. Kwamba Betty alichukua likizo yake fupi akaenda kumwona binti yake Ulaya, mkwe akamfukuza, na mama wa watu akaishia kulala kwa wengine, tena katika nchi nyingine. Wazee walisema lisemwalo lipo, lakini wazee hao hawakuijua Bel-Air. Jambo moja tu ni kweli: nililala nchi nyingine. Likizo yangu niliigawa katikati. Mchana nilikuwa Ufaransa, usiku nilikuwa Ujerumani, hadi siku ya kupanda ndege. Lakini hakuna aliyenifukuza. Nilijifukuza mwenyewe, na ukimaliza kusoma utasema nilifanya vizuri, ukiacha sehemu moja ambayo nilifanya upumbavu. Hiyo nayo nitakueleza, ili usiisikie kwa mdomo wa mtu mwingine.

Mireille unamjua, ingawa uliyemjua ni yule mtoto niliyeondoka naye akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Amekulia huku Kanada. Akaenda kusoma Strasbourg, mji wa Ufaransa ulio ukingoni kabisa mwa Ujerumani, mto tu ndio unaozitenga nchi hizo mbili. Huko ndiko alikokutana na Trésor, kijana wa Likasi aliyelelewa na nyanya yake. Mahari mliipokea ninyi, wewe na kaka yetu. Mimi wakati ule sikuwa na karatasi za kuniruhusu kusafiri, ndiyo maana kile chakula cha kumfungulia mkwe njia hakikupikwa. Ulisema mwenyewe kwamba huwezi kumlisha mkwe ili amzoee mama mkwe ambaye hayupo. Asiyekuwepo na lake halipo, tukasema tutafanya siku nyingine, na siku nyingine haikufika.

Basi Trésor ameoa kwa haki yote, lakini mbele yangu bado amefungwa. Hawezi kula nami, hawezi kunipa mkono, hawezi kunitazama usoni, na mimi siwezi kulala chini ya dari moja naye. Mambo haya mimi na wewe hatukufundishwa shuleni, tuliyakuta nyumbani kama tulivyokuta mlango na dirisha. Mireille hakuyakuta. Na mimi sikumwambia, kwa sababu si kazi ya mama kumweleza binti yake mambo ya mume wake. Ni kazi ya mama mkubwa, yaani wewe. Sikulaumu, bahari ilikuwa katikati. Nakukumbusha tu.

Sasa Mireille amejifungua mtoto wa kike, na amempa jina lako. Ndiyo, yaya, una majina wako, yaani somo wako, Ulaya. Ana paji la uso kama lako na hasira kama zako. Nilipoambiwa nikaenda kwa bosi wangu, nikamwambia nataka likizo. Akaanza kunionyesha kalenda. Nikamwambia mjukuu hasubiri kalenda, akanipa siku chache akinung'unika.

Mireille alinipokea stesheni peke yake, mtoto mgongoni katika kitenge nilichomtumia. Alisema Trésor ametoka. Nikafurahi moyoni, nikasema huyu kijana ana watu waliomlea. Tukapanda mpaka nyumbani kwao, ghorofa ya juu, nyumba safi lakini ndogo: sebule, jikoni pembeni mwa sebule, na chumba kimoja. Hicho chumba walikuwa wamenipa mimi. Walinunua mashuka mapya, wakaweka maua mezani. Wao wenyewe wangelala sebuleni, kwenye kochi la kukunjua. Nikauliza choo kiko wapi. Mireille akanionyesha. Kilikuwa upande wa pili wa sebule.

Yaya, nilikaa kwenye kile kitanda nikajiona gizani, kitenge kichwani, nikipita miguuni pa mkwe wangu aliyelala na binti yangu. Nikamwona marehemu mama akifunga macho huko alipo. Nikasimama, nikachukua sanduku langu.

"Mama, unaenda wapi?" Mireille akaniuliza. "Chumba njo yako. Shiye tutalala huku mu salon."

"Haiko mambo ya chumba," nikamwambia. "Kwa bwana yako mi shiwezi kulala."

Nilisema hivyo tu. Kwangu yalikuwa maneno kamili. Ningekuambia wewe, ungeshanifungulia mlango na kunionyesha kwa jirani. Lakini Mireille alinitazama kama mtu aliyepigwa, akamshusha mtoto mgongoni, akamkumbatia kifuani. Nilidhani amechoka na uzazi.

Nilikwenda kwa Mama Furaha. Unamkumbuka, yule binti wa tajiri wa Butembo, waliokuwa na depo ya sukari na chumvi nyuma ya nyumba yetu ya Bel-Air, wenye geti la buluu. Sasa anaishi Kehl, mji mdogo wa Ujerumani ng'ambo ya mto, na watoto wake wameshaondoka, kwa hiyo ana chumba. Alinipokea kwa mikono miwili, na nilipomweleza kwa nini nimekuja alicheka mpaka akashika meza.

"Betty, kwetu mama mukwe anakula na mukwe ku meza moya, na akitaka anamugombeza," akasema. "Nyinyi batu ya Katanga munajitesa bure."

Nikamwambia hatujitesi, tunaheshimiana. Akasema heshima yetu itakula tiketi nyingi za tramu. Lakini kila jioni alinisubiri kituoni na mwavuli, kwa hiyo namsamehe kicheko chake.

Tramu, yaya, ni kama treni ndogo inayotembea barabarani katikati ya magari. Unaipanda Ufaransa, inapita kwenye daraja juu ya mto, unashuka Ujerumani hata kabla kiti hakijapata joto lako. Hakuna foleni ya malori, hakuna wa kubadilisha pesa anayekuvuta mkono, hakuna anayekuuliza umebeba nini. Shemeji wangu, mume wako, ambaye amemaliza nusu ya maisha yake akilala ndani ya lori pale mpakani Kasumbalesa akisubiri karatasi ipigwe muhuri, usimsomee sehemu hii. Atalia. Mara moja tu polisi waliingia. Kijana mmoja akaniuliza ninakaa wapi, nikamwambia Kanada. Ninalala wapi, nikamwambia Ujerumani. Ninakwenda wapi, nikamwambia Ufaransa, kupika bukari, ule ugali wetu. Akatazama pasipoti, akatazama sufuria iliyokuwa magotini mwangu, akanitakia safari njema.

Hiyo sufuria ina habari yake. Mchana wote nilikuwa kwa Mireille. Namwogesha mtoto kwa maji ya moto, namkanda, namnyoosha mikono na miguu kama tulivyofanyiwa, halafu napika. Sombe, majani ya muhogo, walikuwa nayo, ya kugandishwa, inasikitisha lakini ni sombe. Jioni kabla ya kuondoka nilikuwa namwachia Trésor chakula chake ndani ya sufuria ndogo niliyoazima kwa Mama Furaha asubuhi ile ya polisi, na kifuniko juu. Asubuhi naikuta imeoshwa, na haikurudi tupu hata siku moja. Siku hii machungwa, siku nyingine sabuni nzuri, siku nyingine mkate. Mireille alikuwa ananiambia Trésor ameacha hiki, kwa sauti kavu, bila kunitazama. Mimi nilikuwa nafurahi peke yangu. Nyanya yule wa Likasi, kama bado yu hai, mtu ampelekee salamu zangu.

Na huyo Trésor sikumwona. Alikuwa akifanya kazi ya jioni, lakini kila asubuhi nilipofika alikuwa ameshatoka, na baridi ile. Nilikuta kikombe chake cha chai bado kina moshi. Nilijua anafanya hivyo kwa ajili yangu, nikamwombea asipate kikohozi. Lakini Mireille alikuwa anaona kitu kingine. Alikuwa anamwona mama yake anaikataa nyumba, na mumewe anaikimbia, na yeye amebaki na mtoto mikononi bila kujua ugomvi umetoka wapi. Kila siku alipungukiwa maneno. Namuuliza kama amekula, ananijibu ndiyo. Namuuliza kama amelala, ananijibu ndiyo. Nikadhani ni Uzungu umemwingia. Kumbe nilikuwa nampoteza mwanangu huku namkandia mtoto wake.

Sasa nifike kwenye upumbavu wangu.

Tramu ya jioni ilikuwa na shofere mweusi. Kijana mwenye ndevu, kofia ya kazi imeshuka mpaka kwenye nyusi. Wewe unajua tulivyolelewa: mtu aliyebeba roho yako unamsalimia. Siku ya kwanza nilipomwona, nikafurahi kumkuta ndugu yetu kwenye usukani, nikaenda mpaka kwenye kioo cha kibanda chake, nikasema bonsoir shofere. Akageuza uso upande wa pili. Nikasema labda hakunisikia. Jioni iliyofuata nikagonga kioo. Akainama chini kabisa, kama mtu anayetafuta kitu sakafuni, na hakuinuka mpaka nilipokwenda kukaa.

Na si hapo tu. Tramu zile zina vichwa viwili. Zikifika mwisho wa njia hazigeuki, shofere ndiye anayeshuka na kutembea kando ya tramu mpaka kwenye kichwa cha pili. Mashofere wengine walishuka haraka na begi lao. Huyu alibaki ndani, kichwa chini, mpaka niondoke kituoni. Mama Furaha akasema labda nimemtisha. Nikamjibu kwamba ninachokiona ni kiburi. Mwafrika akipewa kofia ya kazi Ulaya hataki tena kuitikia salamu ya mama mweusi mwenye kitenge. Nilikasirika, na jioni iliyofuata nilimsalimia kwa sauti kubwa zaidi, ili aone haya mbele ya watu.

Siku moja kabla ya kuondoka, tulikuwa jikoni, Mireille anakata vitunguu, mimi nachambua mchicha. Ili kuvunja ule ukimya nikamweleza habari ya shofere. Nikampamba vizuri, kofia yake, anavyoinama, anavyojificha. Nikamaliza kwa kusema kwamba yule kijana hana adabu, na mama aliyemzaa angeona haya.

Mireille akaweka kisu chini.

"Mama," akasema, "ule shofere njo Trésor."

Mchicha ukanibaki mkononi. Nilijua mkwe wangu ni shofere, lakini shofere wa nini sikuuliza; mama mkwe hamchunguzi mkwe kama polisi. Kichwani mwangu shofere ni lori, kama shemeji. Na sura yake nilikuwa nayo katika picha za harusi tu, bila ndevu, bila kofia, nazo hizo nilizitazama upande wa Mireille, kama inavyopasa.

"Aliomba mwenzake babadilishane laini ya tramu," Mireille akaendelea. "Alisema mama mukwe hawezi kuvuka mto jioni na muntu tu yeyote. Weye unakatala nyumba yake, ye anakubeba kila siku. Halafu unakuya hapa kuniambia hana adabu." Akasukuma vitunguu pembeni. "Mulikosana nini, mama? Nyinyi babili munaniacha katikati sawa ule mto."

Akaanza kulia. Machozi ya kitunguu yalikuwa yameshapita, haya yalikuwa mengine. Na mimi, yaya, nitakuambia ukweli, kwanza nilicheka. Nilimwona yule kijana wa watu, amefanya kila mbinu ya kumheshimu mama mkwe, na mama mkwe anamgongea kioo kila jioni. Kila nilipomsalimia nilikuwa namvunjia heshima, na kila alipojificha alikuwa ananipa yangu. Halafu nilimtazama mwanangu, kicheko kikaisha. Nikaona haya, haya ya kweli, na hofu pia, kwa sababu ndege yangu ilikuwa kesho usiku na ningeweza kuondoka na kumwacha hivyo.

Basi nilifanya kazi yako bila ruhusa yako. Nilimkalisha binti yangu kwenye lile kochi, nikamweleza. Si yote, mengine nimekuachia. Nilimwambia mkwe ni nani kwa mama mkwe, kwa nini hatulali dari moja, kwa nini sufuria hairudi tupu.

"Mwenye hakupendi anakuangalia mu macho bila wasiwasi," nikamwambia. "Ule mwenye anakukimbia sawa vile, iko anakuheshimu mupaka mu mifupa. Bwana yako haiko na ugomvi na miye. Na miye, tangu nimefika, sijaona kosa yake hata moya."

Alisikiliza mpaka mwisho. Mtoto akaamka, akamnyonyesha. Mwishowe akauliza hayo mambo yanaisha lini. Nikamwambia yanaisha siku atakapokula chakula cha kwetu mbele ya watu wa kwetu. Hapo akainuka, yule mtoto wa Kanada, akasema basi apike sasa hivi, amwite Trésor, ale, yaishe, mama alale kwake usiku wa mwisho. Kwake ni jambo rahisi, sahani na kijiko.

Na mimi nilitamani. Nisikudanganye, nilitamani sana. Kulala usiku mmoja karibu na majina wako, nisikie anavyopumua. Nikamwambia ampigie mumewe amuulize, kama yeye anataka, mimi nitasimama mbele yenu, wewe na kaka, huko nyumbani, maneno yatakayokuja nitayabeba. Mireille akapiga simu akiwa kwenye ngazi. Aliporudi alikuwa na uso mwingine kabisa. Trésor alikuwa amesema hivi, na nakuandikia kama alivyonirudishia:

"Ambia mama, mi shitaki kupita ku dirisha. Mahari ilipita mu mulango ya Bel-Air. Na miye nitapita mule mule."

Yaya, sikia hayo. Tumewapa watu wengi binti zetu katika ukoo huu, na mara ngapi tumejuta. Huyu kijana yuko Ulaya, hakuna mtu wa kumlazimisha, angeweza kusema hayo ni mambo ya kizamani. Badala yake anataka kuja kulishwa mbele yenu, ili kesho mtu asimwambie mkewe kwamba aliolewa nusu. Mireille aliyaelewa hayo kabla sijafungua mdomo. Alikuja akaweka kichwa chake begani kwangu, kama zamani, na jioni ile tulipika bukari na mchicha tukiongea mpaka midomo ikauma, usiku nikavuka na tramu ya shofere mwingine.

Kesho yake jioni walinisindikiza, yeye na mtoto, hadi Kehl nikachukue sanduku langu la safari. Tulipanda tramu ya Trésor. Mara hii sikwenda kwenye kioo. Nilichagua kiti kinachopakana na kibanda chake, nikakaa nimempa mgongo, na yeye amenipa mgongo, kioo katikati. Mireille akaniwekea mtoto magotini. Tramu iliposimama kwenye kituo cha mwisho cha Ufaransa, kabla ya daraja, nikaanza kuongea na mtoto, kwa sauti ya kufika mbele. Unajua namna ile ya kumtuma mtoto maneno. Mzungu mmoja akashusha gazeti lake.

"Georgette," nikamwambia mtoto, "ambia baba yako, mi nilimugongea kioo sawa mulevi, njo kwa kutojua. Anisamehe. Ambia baba yako, bukari ya Bel-Air itamungoja."

Nyuma ya kioo nikasikia makofi. Yale yetu ya kumheshimu mkwe, ya viganja vilivyokunjwa, polepole, mazito. Halafu tramu ikaondoka, ikapanda daraja, na naapa iliendeshwa taratibu kuliko siku zote. Mireille alikuwa anatazama mto huku anatabasamu, machozi yanamshuka.

Kule mwisho, Kehl, nilishuka nikajifunika kitenge kichwani, nikageukia ubao wenye saa za tramu, ili apite kwenda kwenye kichwa cha pili. Mireille hakuwa na haja ya kugeuka, ni mume wake. Lakini akaja akasimama kando yangu, uso kwenye ubao, mtoto begani, tukawa tunasoma Kijerumani ambacho hakuna kati yetu anayekijua. Tukasikia hatua zinakuja. Zikasimama nyuma yetu. Kitu kikawekwa chini, na hatua zikaendelea. Tulipogeuka tramu ilikuwa inarudi Ufaransa, na miguuni pangu ilikuwa sufuria.

Haikuwa tupu. Ndani yake aliweka mfuko wa unga wa mahindi.

Ndio huo unga uliofungwa pamoja na barua hii. Usishangae maandishi, unatoka Italia, ndio watu wetu wa Ulaya wanaonunua kupikia bukari. Mama Furaha alisema sufuria nibaki nayo, ya nini kwake tena, nayo iko hapa mezani nikiandika.

Sasa ombi langu. Wanakuja kiangazi, wote watatu, na bosi wangu akitaka asitake na mimi nitakuja. Mwambie kaka, yeye peke yake kwanza, asianze kutangaza. Mama mdogo wa shambani Kasomeno atutafutie jogoo mzuri, siyo kama yule wa Pasaka tuliyemtafuna mpaka Jumatatu. Na wewe mpigie Mireille, jifungie chumbani, umweleze yale niliyokuachia. Ana kiu ya kusikia, usimfiche kitu kwa sababu amekulia huku. Unga wa Trésor usichanganywe na mwingine. Utaingia sufuriani wa kwanza, mwingine ufuate.

Nisalimie shemeji, mwambie barabara za huku hazimfai, atakosa la kulalamika. Nisalimie kaka na mke wake. Nisalimie mama mdogo na shamba lake, na watoto wote wa nyumba wanaofungua simu yako. Jirani naye msalimie, na akikuuliza kama ni kweli mkwe alinifukuza, mjibu kwamba alinivusha.

Siku ya kumlisha Trésor mimi nitakaa nyuma ya mlango wako wa jikoni, kama inavyopasa, nikisikiliza sahani. Akimaliza kula mtaniita. Nitatoka, nitampa mkono, na nitamtazama usoni mwanangu, kwa mara ya kwanza, bila kioo.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni, na ambaye bado hajajifunza kunyamaza,

Betty